Azimio la Kadi ya Kilio

"Kalyani chechi, wewe uliyekaa mkabala naye miaka yote hiyo, hebu niambie ukweli mbele ya Mungu: Vilasini aliisoma ile hadithi kwa sauti ya gazeti makusudi, au alijisahau?"

Aliyeniuliza, akiniita chechi, yaani dada mkubwa, ni Sumathi, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, siku moja tukiwa tunaanua nguo kuiwahi mvua. Nilimwambia sijui. Akacheka, akasema sisi wanawake wa biri midomo yetu imefungwa kwa uzi kama biri zenyewe, akachukua kapu lake la nguo akaingia ndani. Mimi nikabaki pale na shuka mkononi mpaka ikalowa.

Sumathi hafanyi kazi kwetu. Habari alizipata sokoni, zimeshapita midomo kumi, na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Wapo wanaosema Vilasini aliwadanganya wenzake ili awacheke. Wapo wanaosema aliingiwa na wazimu baada ya msiba. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Karakana yetu iko nje kidogo ya mji wa Kannur, chini ya paa la bati. Tunasokota biri, zile sigara ndogo za jani, kila mtu na ungo wake mapajani: unakata jani kwa mkasi, unatia tumbaku, unaviringisha, unafunga uzi. Mikono ina kazi tele, lakini masikio yanakaa bure. Ndiyo maana tangu enzi za baba zetu mtu mmoja hukalishwa kwenye kiti mbele ya wenzake awasomee. Asubuhi husoma gazeti, baada ya chai husoma hadithi. Msomaji hasokoti. Sisi wengine kila mmoja humtilia biri chache katika kapu lake, na jioni kapu hilo huwa limejaa kama la mtu mwingine yeyote. Wanaomsikiliza ndio wanaomlisha. Ni desturi ya heshima, na huko nyuma watu walikigombea kile kiti kuliko kiti cha diwani.

Vilasini alikikalia miaka kumi na tisa. Alikuwa binti wa mgema, alisoma mpaka darasa la kumi, akaja kusokota akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Msomaji wa zamani alipoingiwa na mtoto wa jicho, Vilasini aliombwa ashike kiti kwa siku moja tu. Siku hiyo alisoma bei za kopra, nazi kavu. Kunjambu, mzee wetu, ambaye sote tunamwita ettan kama kaka mkubwa ingawa ni mzee wa kutuzaa, akapiga ungo wake kofi akasema, "Huyu hata bei ya kopra akiisoma, unataka ujue mwisho wake!" Basi hakushuka tena.

Alikuwa na sauti mbili. Ya gazeti ilikuwa imenyooka, haipandi wala haishuki, kama ya karani wa mahakama. Ya hadithi ilikuwa ya chini, ya taratibu, nayo ilikuwa na watu ndani yake. Na baina ya hizo mbili hakukosa kufanya mambo matatu: anakunywa chai yake nyeusi, anafuta miwani kwa ncha ya sari, halafu anasema, "Sasa hadithi." Hata Kunjambu ettan, ambaye masikio yake yalikwishaanza kumkimbia, alijua kwa kuitazama ile miwani ikifutwa.

Alikuwa akiishi na Rohini, mshona blauzi, katika nyumba iliyo karibu na kisima. Waliishi humo miaka ishirini na miwili. Rohini alikuwa mfupi, mnene kidogo, na pini mdomoni saa zote. Aliweza kuzungumza, kucheka na kugombana na pini tano mdomoni asimeze hata moja. Adhuhuri alimletea Vilasini chakula, uji wa mchele na choroko na samaki mmoja wa kukaanga, akasimama dirishani kusikiliza kipande cha mwisho cha hadithi. Kisha huanza mabishano.

"Huyo mwanamke ni mjinga! Mimi ningemwacha ukurasa wa kumi!"

"Wewe ungemwacha hata kabla ya harusi," Vilasini anamjibu bila kuinua uso. "Leta uji, unapoa."

Sisi tulikuwa tunawaita "wale wa nyumba ya kisima." Hatukuwahi kuuliza zaidi. Tulijua na hatukujua, kwa wakati mmoja, na watu wa kwetu tunaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kuchoka. Blauzi zetu za harusi na za sikukuu zote alizishona Rohini, na alizikata vizuri.

Mwaka jana, baada tu ya sikukuu ya Onam, Rohini aliugua tumbo. Wiki sita tu zikapita, akafa.

Kwetu, maiti akiwa bado amelazwa uani, watu wake hupita mmoja mmoja kumtia punje za mchele mdomoni. Ndicho chakula chake cha mwisho. Alikuja mpwa wake, mtoto wa kaka yake, kutoka Kozhikode, kijana mwenye adabu, shati jeupe. Yeye ndiye aliyewasha moto wa kumchoma marehemu baadaye. Vilasini alikuwa amesimama mlangoni na mchele katika kiganja. Alipopiga hatua, yule mpwa aliinua mkono kidogo, akawaambia wazee waliokuwa wakisimamia, "Huyu ni mpangaji wa shangazi. Watangulie watu wa familia kwanza." Alisema kwa upole kabisa, hata huwezi kumkasirikia. Wakatangulia watu wa familia, wengine wao Rohini hajawaona miaka kumi. Walipokwisha, uso ukafunikwa.

Tulikuwa watu kama arobaini pale uani. Pavithran, katibu wa chama chetu cha wafanyakazi, alikuwepo. Ramani, msokotaji mwenzetu, alikuwepo, amevaa blauzi aliyoshonewa na Rohini. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyesema neno. Vilasini alikwenda pembeni chini ya mfenesi, akabaki ameukunja ule mkono mpaka moshi ulipopanda.

Siku ya tatu alirudi kazini. Kiwandani kwetu kuna likizo ya msiba, na kanuni zake tulizipitisha sisi wenyewe kwa mikono yetu: mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Pavithran alimtazama macho yalivyovimba akamuuliza, "Unaumwa?"

"Macho tu," alisema. Akafungua gazeti.

Ndani ya mwezi akawa ameshahamia kwa kaka yake, chumba cha kando ya zizi. Cherehani ilikwenda Kozhikode.

Mimi ni mtu wa kuwasha taa ya sala kila magharibi na sina la kujivunia zaidi ya hilo. Siku moja nilimpeleka Vilasini hekaluni kwa Muthappan. Mungu wetu huyu, akishamwingia mcheza ngoma yake na taji likivaliwa, humwita kila mtu karibu, mkubwa na mdogo, Muislamu, Mkristo, mlevi, yeyote, humshika mkono na kumuuliza linalomuumiza. Alimshika Vilasini mkono. Hakumuuliza marehemu ni nani wake. Alimwambia, "Umekuja na mzigo mzito. Si nipo mimi?" Tukala kunde za kuchemsha na vipande vya nazi, tukanywa chai ya hekalu, na njiani kurudi Vilasini akazungumza habari za mvua, habari za bei ya samaki, kama mtu aliyetuliwa kitu kichwani. Nilishukuru. Nilidhani yamekwisha.

Sasa ile siku yenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa masika makubwa ya Juni. Bati lilikuwa linapigwa hata mtu ukimsemesha wa pembeni lazima upaze sauti. Gazeti lilifika limelowa chapachapa. Vilasini alilinyanyua na maji yakachuruzika sakafuni, kurasa zimeshikana kama jani la ndizi lililopikwa. Akaliweka pembeni. Kwenye mfuko wake kulikuwa na jarida la wiki kutoka maktaba. Akalifungua, na bila chai, bila miwani kufutwa, bila "Sasa hadithi," akaanza, kwa sauti iliyonyooka:

"Kuanzia mwezi huu, hakuna mkazi wa mji atakayemlilia maiti bila kadi. Kadi itatolewa ofisini kwa watu wa aina kumi na saba waliotajwa katika orodha."

Kunjambu ettan aliweka mkono sikioni. "Kadi ya nini?"

"Ya kulia, ettan!" Ramani alimpigia kelele.

"Ya kula? Si tunayo!"

"Si ya kula! Ya kulia! Ya machozi!"

"Ala!"

Msicheke. Tuna kadi ya mchele wa serikali, tuna kadi ya kura, tuna kadi ya alama za vidole ambayo bila hiyo hata mafuta ya taa hupati. Miaka hii kila baada ya miezi kadhaa inakuja kadi mpya na foleni mpya. Ya kilio ingetushangaza kwa nini?

Vilasini aliendelea. Mkazi wa nyumba namba arobaini amefiwa na mtu wa nyumba hiyo hiyo. Katika mji ule watu hawaitwi majina, wanaitwa namba za nyumba. Anakwenda ofisini. Karani anamuuliza, "Marehemu ni nani wako?" Anajibu, "Tuliishi pamoja. Alikuwa akinichana nywele." Karani anapitisha kidole kwenye orodha: mama, baba, mke, mume, mtoto, mjomba, bwana wa shamba, ng'ombe wa maziwa. "Anayechana nywele hayumo."

"Ng'ombe yumo!" Ramani alisema. "Mmesikia? Ng'ombe yumo!"

"Na mtu hayumo," akasema mwingine huko nyuma. "Washenzi hawa!"

Anayelia bila kadi, wakaguzi wanaosikiliza milangoni humkamata, wakamkalisha mbele ya mapangaboi siku tatu, macho yanapigwa upepo mpaka yanakauka kabisa na hata kitunguu hakiyatoi maji tena. Kwa hiyo mtu wa namba arobaini anarudi nyumbani, anakaa jikoni, anakata vitunguu. Akiulizwa, ni vitunguu. Siku ya pili harufu ya vitunguu inatoka namba sitini na tatu. Siku ya tatu inatoka mtaa mzima. Na wakaguzi wanaanza kwenda sokoni kuandika nani ananunua vitunguu.

Mikasi ilikuwa imesimama. Hapo ndipo Pavithran alipoingia, mwavuli umepinduka, maji yanamtoka puani, akakuta karakana inachemka.

"Sheria gani hiyo? Imetoka lini?"

"Mwezi huu!" walimjibu watu kumi. "Kadi ya kilio! Watu wanakaushwa macho!"

Lazima niseme jambo moja hapa. Katika lugha yetu kuna neno la heshima la kumtaja mtu, ambalo halisemi mume wala mke. Mwandishi wa hadithi alitumia hilo tu tangu mwanzo mpaka hapo. Sisi tulisikia mume kafa, mke kabaki. Hakuna aliyetuambia hivyo, tulijiambia wenyewe.

Na Kannur mtu hasikii dhuluma akakaa. Tunapitisha azimio. Tumewahi kupitisha maazimio kuhusu vita vya nchi ambazo hatuwezi hata kuzitamka. Pavithran alichana karatasi ya kufungia tumbaku, akaandika akisimama, akatusomea:

"Sisi wafanyakazi ishirini na watatu wa karakana hii tunaipinga kwa nguvu zetu zote sheria ya kadi ya kilio. Mtu aliyeishi na mwenzake ana haki ya kumlilia, jina lake limo katika orodha au halimo."

"Wanaokubali?"

Mikono yote ishirini na mitatu ikapanda. Ya Kunjambu ettan ilipanda miwili. Nilimtazama Vilasini kwenye kiti. Jarida lilikuwa mapajani limefunikwa kwa kiganja, na mkono wake mwingine ulikuwa juu kama yetu. Angeweza kusema. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alituangalia mmoja mmoja, mkono ule juu, mpaka Pavithran alipomaliza kuhesabu, na mimi ninayemjua tangu ujana sikuwahi kumwona na uso ule.

Pavithran aliliweka azimio ndani ya mfuko wa plastiki akaondoka nalo kwenda ofisi ya chama mjini, na mvua yote ile.

Kesho yake alirudi asubuhi na mapema. Uso ulikuwa mwekundu tangu mlangoni.

"Vilasini! Ile habari ya jana uliitoa gazeti gani?"

"Si gazeti," akasema, akamwonyesha jarida. "Gazeti lililowa. Hii ni hadithi."

"Hadithi! Nimesimama mbele ya wakubwa wa wilaya nawasomea azimio la kupinga hadithi! Wamecheka mpaka mmoja kamwaga chai! Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Kunjambu ettan, aliyekuwa amesimuliwa sikioni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akapigwa mgongo, na karakana nzima ikafuata. Hata Ramani alijifuta machozi. "Ettan alipiga kura mara mbili!" alisema. "Apewe kadi mbili!" Pavithran mwenyewe mwishowe alitabasamu, maana si mtu mbaya, akavuta mkeka akakaa.

"Haya, maliza basi," alisema. "Angalau tujue tumemtetea nani."

Laiti angeagiza chai tu. Vilasini alifuta miwani. Alisema, "Sasa hadithi," na akasoma kwa ile sauti ya chini.

Mtu wa namba arobaini amekata vitunguu vyote, sokoni haviuzwi tena. Anafungua sanduku la nguo. "Zilikuwamo blauzi sita, tatu zake na tatu za marehemu, zote kipimo kimoja, na kwa jinsi walivyokuwa wakiazimana hakujua tena zipi ni za nani."

Mkasi wa Ramani ulisimama. "Blauzi? Za marehemu?"

"Ndiyo."

"Soma tena hapo, chechi."

Akasoma tena.

"Mume gani anavaa blauzi?"

Msichana mmoja nyuma aliguna kicheko akakimeza.

"Hakuna mume," Vilasini alisema. "Tangu mwanzo hakuna. Mlimweka nyinyi."

Naikumbuka mvua ilivyosikika hapo. Pavithran alisimama taratibu. "Unataka kuniambia jana nimelibeba jina la karakana hii mpaka mjini kwa ajili ya… ya mambo hayo?"

"Kwa ajili ya mtu aliyeishi na mwenzake. Uliandika mwenyewe, na mwandiko wako ni mzuri."

Kunjambu ettan aliona watu wamenyamaza, naye hapendi kuachwa nyuma. "Kwani aliyekufa ni nani hasa?" aliuliza.

Vilasini ndiye aliyemjibu, na kwa kuwa kwa Kunjambu ettan husemi taratibu, alisema kwa sauti ya juu iliyofika mpaka barabarani:

"Rohini, ettan. Rohini wa blauzi. Mwaka unakaribia."

Mzee aliinamisha kichwa. "Ah, Rohini," alisema. "Masikini. Alikuwa na ulimi mtamu." Na yeye peke yake katika watu wote wale alilisema hilo kama mtu anavyosema msibani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Pavithran alisema azimio la jana lifutwe, kwa sababu lilipitishwa bila kujua. Likafutwa. Ramani akasema bado kuna la pili. Aliutupa mkasi wake unguni, na sidhani ilikuwa hasira tu. Mtu akikuonyesha kitu ulichokifunika miaka ishirini kwa mikono yako mwenyewe, unaona aibu, halafu aibu inatafuta pa kwenda.

"Mimi nimemtilia biri kapuni miaka yote hii anisomee habari za watu," alisema. "Si anisomee mambo yake. Tuna mabinti humu. Kesho wataulizwa kwa wakwe, karakana yenu wanawasomea nini?"

"Mbona jana ulilia, Ramani?" Vilasini aliuliza. "Nilikuona. Kwa ajili ya kuchanwa nywele."

"Jana sikujua!"

"Ulichokililia ni kile kile."

"Usinifundishe machozi yangu, chechi!"

Pavithran alipiga ungo mtupu kwa kijiti, kama anavyofanya mkutano ukichafuka. Akauliza wanaotaka kiti kipate mtu mwingine.

"Umebaki ukurasa mmoja," Vilasini alisema. Hakuwa akibembeleza. Alikuwa ameshika jarida wazi kwa kidole. "Niacheni niumalizie. Halafu mpige kura yenu, nami nitashuka bila ugomvi."

"Kura kwanza," alisema Pavithran.

Ilipanda mikono kumi na saba. Kunjambu ettan aliinua wake alipoona wengine wanainua, kisha akamuuliza wa pembeni tunakubali nini, na alipoambiwa, kura ilikuwa imekwishahesabiwa. Mimi mkono wangu ulishika jani. Haukupanda. Lakini pia Pavithran alipouliza, "Wanaopinga?" haukupanda, na mdomo wangu haukufunguka. Aliandika: waliopinga, hakuna. Ni kweli aliyoyaandika.

Vilasini alilifunga jarida, akashuka kwenye kiti, akachukua ungo kutoka ukutani, akakaa nafasi iliyokuwa wazi karibu yangu. Miaka kumi na tisa alikuwa hajasokota. Vidole vilikwishalainika, jani lilimkata siku ya kwanza, uzi ukamkata siku ya pili. Biri zake zililegea, msimamizi akazirudisha. Nilipoona kapu lake halifiki hata nusu, nilimtilia biri zangu chache wakati anatazama kwingine, kama tulivyokuwa tukifanya. Alizitoa zote, akazirudisha kwangu.

"Sisomi, chechi," alisema. "Usinitilie."

Kiti hakikupata mtu. Pavithran alileta redio akaiweka juu yake. Inaimba tangu asubuhi mpaka jioni, inatangaza sabuni, na hakuna anayebishana nayo.

Kuhusu swali la Sumathi: gazeti lililowa kweli, kwa macho yangu niliyaona maji. Lakini miaka kumi na tisa hakuwahi kusahau kusema "Sasa hadithi," hata siku ile aliporudi kutoka msibani. Labda alitaka kusikia mara moja tu tungesema nini kama tusingejua ni nani. Labda kwake yeye haikuwa hadithi. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

Ikafika Karkidakam, mwezi wa mvua na shida, na siku ile ambayo kila aliyefiwa huenda ufukweni kuwalisha wafu wake mchele. Kuhani hukalisha watu kwa safu, na kila mmoja humtajia jina la marehemu, nyota aliyozaliwa nayo, na ni nani wake. Siku tatu kabla, jioni mapema, Vilasini alikuja jikoni kwangu. Nilikuwa nachagua mchele. Akakaa, akavuta upande wa pili wa ungo, akaanza kutoa vijiwe pamoja nami.

Mwishowe nilimuuliza kilichokuwa kikinikera wiki zote hizo. "Ule ukurasa wa mwisho unasemaje?"

"Mlipiga kura msiusikie," alisema.

Niliokota kijiwe ambacho hakikuwa kijiwe, kilikuwa mchele, nikakitupa.

"Nataka kwenda kumlisha Rohini," alisema baadaye. "Mpwa wake hatakuja, yuko kazini Dubai sasa. Nisipokwenda mimi atakaa na njaa."

"Tutakwenda pamoja," nilimwambia. Nilifurahi kwamba hatimaye kuna kitu ninachoweza kumfanyia. Nikamshika goti. "Na kuhusu kuhani usihangaike hata kidogo. Namfahamu tangu baba yake. Akiuliza, nitamwambia mimi mwenyewe ni dada yako, hatachimba zaidi."

Hakuutoa mguu wake mkononi mwangu. Aliendelea kuchagua mchele, punje kwa punje, mpaka upande wake ukawa safi. Kisha akasema:

"Chechi, akiuliza, usiseme dada. Kama neno lenyewe linakushinda, nyamaza, nitalisema mimi. Wewe simama tu karibu nami."